Mji mpya wa Lamu uanzie kisimani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme neno juu ya mchoro ambao kwa wiki kadhaa sasa umekuwa ukizunguka katika makundi ya Wasapu hapa Lamu, na ambao unasemekana kuonyesha sura ya mji utakaoinuka bara, ng'ambo ya kisiwa chetu, upande wa miji midogo ya Mokowe na Hindi, kazi za bandari mpya ya Lamu zikishika kasi. Umechorwa kwa ustadi, hilo silikatai. Barabara zake ni pana kiasi cha magari manne kupishana, majengo ni ya vioo, na kati ya jengo na jengo kumetandazwa majani mabichi yaliyokatwa sawasawa kama zulia. Pembeni kumeandikwa kuwa huo ni mji wa kijani unaoishi kwa amani na maumbile. Niliukuza kwa vidole viwili kwenye simu ya mjukuu wangu, nikatafuta kisima, jabia, birika au tangi, chochote cha kuwekea maji, nisikione. Nikatafuta na punda, lakini hilo ni la pili.

Mimi ni mwashi. Kwa miaka karibu arubaini nimejenga na kukarabati nyumba za mawe katika mitaa ya Mkomani na Langoni, kazi niliyoirithi kwa baba yangu, na ombi langu kwa wanaopanga mji huo ni moja tu: wasichore barabara hata moja kabla hawajahesabu maji, kisha hesabu hiyo ndiyo iamue mji uwe mkubwa kiasi gani.

Watu wa mji wa Lamu wanategemea maji yanayotoka chini ya vilima vya mchanga vya kijiji cha Shela, kisiwani humu humu, na ajabu ya vilima hivyo ni kwamba kwa macho ni jangwa tu, mahali pa watalii kupigia picha jua linapotua. Mvua inaponyesha juu yake haikimbilii baharini. Mchanga huinywa, ikashuka polepole mpaka ikakutana na maji ya chumvi yaliyopenya chini ya kisiwa kutoka kila upande. Na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Wanajiolojia wana kanuni ya jambo hili tangu karne ya 19, nayo inasema kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko takriban mita 40 nyingine chini ya usawa huo. Igeuze hesabu hiyo uone hatari yake. Ukivuta maji kwa pampu mpaka yakashuka mita moja tu, chumvi huweza kupanda mita 40 kutoka chini, na kisima kikishaingia chumvi si jambo la kusubiri masika moja kikapona. Ndiyo maana kila nyumba ya kifahari inayopandishwa juu ya mchanga ule pamoja na shimo lake la choo, na kila punda anayeshuka na magunia ya mchanga wa kujengea, ni jambo linaloihusu bilauri ya maji ya mtu wa Langoni ambaye hajawahi kukanyaga Shela.

Hayo si ya kutisha watoto. Ng'ambo tu, katika kisiwa cha Manda, yako magofu ya Takwa, mji uliokuwa na ukuta na msikiti wake wa Ijumaa, ulioachwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa na watafiti ni maji ya visima kuharibika kwa chumvi. Mapokeo yetu yanasema watu wake walihamia Shela. Watu wa Shela mpaka leo huvuka kwenda kuzuru kaburi la mnara lililoko pale na kuomba mvua, na kwa maoni yangu hakuna somo la mipango ya miji lililo wazi kuliko ziara hiyo. Kwenye magofu ya Gedi nako, karibu na Malindi, yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, kushuka kwa maji visimani kunatajwa pamoja na sababu nyingine zilizowaondoa wenyeji. Wageni wanasimama wakishangaa milango ya mawe na zidaka za ukutani. Laiti wangeinama kidogo wakatazama visima.

Sasa nifanye hesabu ya kimwashi, maana haihitaji kompyuta. Lamu hupata mvua ya takriban milimita 900 kwa mwaka, nyingi yake ikinyesha kati ya Aprili na Juni. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba, basi, hupokea lita 90,000 kwa mwaka. Toa theluthi nzima kwa yanayomwagika, yanayokauka, na yale ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Zinabaki lita 60,000, ambazo kwa nyumba ya watu sita ni kama lita 27 kwa kila mtu kila siku. Hazitoshi kumwagilia zulia la majani lililo kwenye mchoro. Zinatosha kunywa, kupika, kutawadha na kuoshea vyombo, ilimradi ujenge pa kuziweka, kwa sababu mvua ya miezi mitatu ndiyo inayotakiwa kunywewa mwaka mzima, na hapo ndipo penye gharama. Wenzetu wa visiwa vya Pate, Ndau na Kiwayu wanalijua hili kwa vitendo. Jabia lao ni uwanja uliosakafiwa kwa mteremko, unaoiongoza mvua mpaka kwenye tangi lililochimbwa ardhini, na yapo yaliyonywesha kijiji kizima. Nikipewa kalamu, mji mpya ningeuanza kwa majabia, kila mtaa na la kwake, na paa lisilo na mfereji wa kukusanyia mvua lisingepata kibali.

Nije kwenye nyumba, maana ndiko ninakokujua. Kuta za nyumba ya kale ya Lamu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake dhiraa moja na kuzidi kidogo. Sakafu ya juu hulala juu ya boriti za mkoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko haipatikani kwa urefu wa kila tamaa, chumba nacho hakizidi upana wa mita mbili na nusu mpaka tatu hivi. Kwa maneno mengine, msitu ndio uliotupimia vyumba. Wakataji walikuwa na jina kwa kila unene wa mti, kuanzia fito na pau, kisha mazio, boriti, nguzo, vigingi, hadi banaa, na aliyekwenda kutafuta mazio hakurudi na nguzo. Katikati ya nyumba ni kiwanda, uwanja ulio wazi juu, unaotoa joto na kuingiza mwanga, na misana, vyumba virefu vyembamba vya kukaa, imeukabili. Nje, njia ni nyembamba kiasi cha punda wawili wenye mizigo kupishana kwa kuombana radhi, kwa hiyo ukuta mmoja unaupa mwingine kivuli karibu kutwa nzima. Palipo na wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, kivuli ni cha bure kwa kila mpita njia. Vichochoro vinavyoteremkia pwani huleta upepo wa bahari mpaka ndani ya mitaa, na wakati wa mvua hivyo hivyo ndivyo vinavyoyatoa maji.

Kuna jambo dogo ambalo wageni hulicheka nikiwaeleza. Katika birika la chooni, la chokaa, lililojengwa pembeni mwa ukuta, watu wa zamani waliweka visamaki vidogo, na chini kabisa wakasakafia bakuli la kauri ili maji yakipungua visamaki vibakie na dimbwi lao la kuishi. Kazi ya visamaki hivyo ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Hakuna dawa, hakuna umeme, na mtoto aliyepewa kazi ya kujaza birika alijua pia kuwa ana roho nyingine za kuziangalia mle ndani.

Nayasema haya huku nikiwa na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2011 nilikarabati nyumba ya mama yangu pale Mkomani. Boriti tatu za chumba cha ndani zilikuwa zimeliwa na mchwa, nami badala ya kuzitoa hizo tatu na kutia nyingine, nikaondoa sakafu yote ya juu nikamwaga zege yenye nondo. Mchanga niliutoa pwani, kwa haraka. Kuta nikazipiga plasta ya simiti zikang'aa, birika nikalivunja, nikapandisha tangi jeusi la plastiki. Majirani walikuja kunipongeza. Haikutimia miaka mitano, kuta zikaanza kutoka jasho. Jiwe la matumbawe hunywa unyevu kutoka ardhini na hewani, na chokaa huuacha utoke. Simiti iliufungia mlango. Plasta ikabambuka vipande vikubwa kama sahani, chumvi ikachanua nyuma yake, nondo zikaota kutu zikapasua zege, na asubuhi moja pande la ukubwa wa kinu likaanguka juu ya kitanda ambacho mama alikuwa ameondoka muda mfupi kabla yake kwenda kuswali alfajiri. Tokea siku ile mkeka wake uko dakani, kwenye baraza ya mlangoni. Hata kabla ya hapo alikuwa akihamia huko mchana, kwani chumba kilichokuwa baridi tangu utoto wangu kilikuwa kimegeuka tanuri. Aliniambia, bila ya kukasirika: "Umeniakia nyumba ya Nairobi, nami nakaa Amu." Kuaka ndiko kujenga kwa Kiamu, Kiswahili chetu cha Amu, yaani Lamu, na ndilo neno lililozaa jina la mwashi, kwa hiyo waweza kukisia lilivyonichoma.

Ninapotazama majengo ya vioo yaliyo kwenye mchoro, basi, naona chumba kile cha mama kikizidishwa mara elfu. Kioo kinakaribisha jua ndani na kulikataza joto kutoka, kisha huwekwa mashine ya kupoza hewa, ikala umeme mchana kutwa na kutapika joto lake kwa jirani. Wenye fedha kuliko sisi wamekwisha kuliona hilo. Karibu na Abu Dhabi, mwaka 2008, ulianza kujengwa mji unaoitwa Masdar, uliosanifiwa na kampuni ya Mwingereza Norman Foster kwa nia ya kuishi bila ya kuchafua hewa, na wasanifu wake walipotafuta njia ya kupunguza joto la jangwa walirudi kwenye miji ya kale ya Waarabu: njia nyembamba, majengo yaliyokaribiana ili yatiliane kivuli, na mnara wa kuuteremsha upepo. Magari ya kawaida yalitakiwa yabaki nje. Mpango wa kwanza ulikuwa umalizike 2016, tarehe ikasogezwa mbele kwa miaka mingi, na vyombo vya kujiendesha, vilivyokuwa vipite chini ya mji badala ya magari, havikuenea kama ilivyotarajiwa. Siwacheki. Ninashangaa tu kwamba kwa mabilioni ya dola walikuwa wakiitafuta njia ya kwenda Langoni.

Na kuhusu ukubwa: Ebenezer Howard, Mwingereza aliyetoa wazo la miji ya bustani mwaka 1898, aliandika idadi waziwazi, watu 32,000 kwa kila mji, ukizungukwa na mashamba ambayo hayajengwi, na mji ukijaa unaanzishwa mwingine mbali kidogo. Letchworth ulianza kujengwa mwaka 1903 kwa kuyafuata mawazo hayo. Idadi ile ilikuwa ya nchi yenye mvua na mito yake, na sisi hatuna sababu ya kuinakili. Ila tabia ya kuandika idadi kabla ya kuchimba msingi, hiyo ningependa tuiige. Kaunti nzima ya Lamu, visiwa na bara, ilihesabiwa watu 143,920 mwaka 2019. Mchoro unaozunguka una majengo ya kulaza watu wengi kuliko hao, nami nauliza watakunywa nini.

Nisije nikadhaniwa ni mzee anayelilia ya kale. Mji wetu, ulio katika orodha ya UNESCO tangu 2001, una mambo ambayo mji mpya ukiyarudia utakuwa umefanya ujinga. Mitaro iko wazi, na humo hupita maji ya sabuni, mabaki ya jikoni, samadi ya punda na plastiki. Mashimo ya vyoo yamechimbwa karibu na visima, na visima vingi vya majumbani leo si vya kunywewa. Nyumba za makuti zilizosongamana zikishika moto upepo wa kusi hauachi kitu, na zimamoto haliwezi kupita kwenye njia ninazozisifu. Mji mpya utahitaji viwanja vya kukata moto na mabomba ya maji ya chumvi kutoka baharini kwa kazi hiyo. Matumbawe na mawe ya Manda hayawezi kukatwa bila ya mwisho. Na tuseme kweli, starehe ya kiwanda na misana ilikuwa ya waungwana, wakati waliochota maji na kubeba mawe walikuwa watumwa. Mji unaopatana na maumbile kwa jasho la mtu asiye na hiari sitaki uwe kipimo cha mtu yeyote.

Juu ya taka nina neno moja tu. Mwaka 2018 mafundi wa hapa hapa Lamu walishusha majini jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, na mapema 2019 likasafiri mpaka Unguja. Nilikwenda kulitazama na nikajivunia mafundi wetu. Lakini taka za mji mzima hazitaisha kwa majahazi, na kwenye mchoro sikuona pa kuzipeleka pia.

Lililobaki ni mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii, na kwa mji wa pwani huo ndio ukuta wa kwanza: mizizi yake huvunja nguvu ya mawimbi, huzuia udongo usiingie baharini, hulea kamba na samaki wachanga, na tope lake huhifadhi kaboni nyingi kuliko inavyohifadhiwa na mti wenyewe. Kwenye mchoro, mahali ambapo mimi najua pana mikoko, kumechorwa gati ya mashua za starehe. Haya yalikwisha kutugharimu. Ujenzi wa bandari ya Lamu ulizinduliwa Machi 2012 na gati ya kwanza ikaanza kazi Mei 2021. Katikati yake, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa kuharibiwa njia yao ya kuishi. Wavuvi hao wangeulizwa mapema zinapopita njia zao za kwenda kuvua, wangezionyesha kwa kidole, bure, wakiwa wamekaa barazani. Wakulima wa Hindi nao wanajua maji hutuama wapi kila masika. Ningeomba waulizwe kabla viwanja havijagawanywa, kwa sababu sehemu zinazotuama maji kwa kawaida huuzwa rahisi, na anayezinunua huwa ni kuli wa bandarini ambaye hana pengine pa kwenda.

Na ardhi iachwe inywe. Siku hizi kila penye uwazi tunatandika kabro na kuita maendeleo, mvua inyeshe robo saa maji yaingie majumbani. China, baada ya mafuriko ya Beijing ya mwaka 2012, ilianza kutumia fedha nyingi kuigeuza miji yake iwe kama sponji, kwa kufungua tena ardhi iliyokuwa imezibwa ili mvua ipate pa kuzama. Sisi bara yetu bado iko wazi. Ni rahisi kuiacha ilivyo kuliko kuja kuibomoa baadaye.

Kwa wenye mchoro wao, popote walipo, ninawakaribisha kwetu Mkomani. Upepo wa kusi ukitulia ninaanza kuibambua simiti yote ya chumba cha mama, na zege ya juu itashuka pia. Boriti kumi na nne zimelala kiwandani, zimekatwa kwa kibali na zinaendelea kukauka. Chokaa nimekwisha kuiloweka shimoni tangu mwezi wa tatu, maana chokaa ya haraka hupasuka. Mama ameweka sharti moja, kwamba birika lirudi mahali pake na bakuli lake la kauri chini, na visamaki nimeahidiwa na rafiki wa Shela. Waje na vipimo vyao vya joto, wapime chumba kabla na baada, wakipenda.

Wako,
Mwashi,
Mtaa wa Mkomani, Lamu